Shahidi Wangu wa Nkuhungu

Jioni ya kwanza niliyorudi kutoka chuoni nilisimama nje ya geti nikabisha hodi kama nilivyolelewa. Mama mwenye nyumba alitoka na mwiko mkononi, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nabisha tu. "Hodi ni ya watu wa kuja na kuondoka," alisema. "Wewe unalala humu. Ingia, na ufunge geti, kuku wasitoke." Nikaingia, nikafunga geti, na tangu siku ile sikubisha tena hodi katika nyumba ile ya Nkuhungu.

Mimi ni mtu wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho tunachopendana nacho na ndicho tunachogombana nacho. Baba yangu alikuwa fundi magari, akafariki nikiwa bado sekondari. Mama yangu mzazi ni mshonaji, na macho yake yalikwisha kuchoka hata kabla sijaondoka. Nilipopata nafasi ya kusoma uhasibu katika chuo kimoja cha Dodoma, mtaa mzima ulinisindikiza kituo cha basi kana kwamba nakwenda kuapishwa. Jina la chuo sitalitaja. Walionitesa pale ndio hao hao walionisaidia, wakati mwingine mtu yule yule, siku ile ile, na sioni sababu ya kuwaanika.

Chumba nilipata Nkuhungu kwa mama mmoja Mrangi wa Kondoa, aliyeuza nafaka soko la Majengo: choroko, ufuta, ulezi, na alizeti msimu wake ukifika. Niliingia kwake kama mpangaji wa kawaida na kodi nikailipa kama mpangaji wa kawaida, mpaka homa iliponiangusha. Nilikuwa sijiwezi. Alinibeba mgongoni kutoka chumbani hadi kwenye bajaji, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, na tulipofika hospitali muuguzi akamwuliza yeye ni nani wangu. Akasema, bila kupepesa macho, "Mama yake mzazi." Muuguzi akanitazama mimi mweusi mrefu, akamtazama yeye mfupi mwekundu, akacheka, akafungua mlango. Siku ile tulipokelewa kabla ya wengine wote.

Nilipopona nikampelekea kodi. Akaikataa kwa hasira kabisa, kama mtu aliyetukanwa. "Mtu anamlipa mama yake kodi? Huko kwenu ndivyo mnavyofanya?" Nikadhani ni maneno ya mwezi mmoja. Hakuipokea tena.

Hakujaliwa mtoto. Aliniambia mara moja tu, tukichambua mlenda, na kwa namna alivyosema nilielewa kwamba si habari ya kuulizia zaidi. Mumewe alikuwa ameoa kwingine siku nyingi, wakabaki kusalimiana. Pale Majengo walikuwa wakimwita mama choroko. Nilipoanza kwenda kumsaidia Jumamosi, kupepeta na kufunga mizigo, wakaanza kumwita mama mwanafunzi, na yeye akaacha kabisa kuitikia jina la kwanza. Ungemwita mama choroko asubuhi hadi jioni, hageuki. Wafanyabiashara wenzake walimtania kwamba amekuwa kiziwi uzeeni.

Tulikula kwenye sinia moja. Alfajiri aliingia chumbani kwangu, ambako hapakuwa na mlango ila pazia la kanga kuukuu, akanivuta kidole gumba cha mguu mpaka niamke niswali. Hakuita, hakugonga, alivuta tu. Wiki za mwanzo nilikasirika, maana mimi ni mtu wa usingizi na hasira zangu ziko karibu. Baadaye nikajikuta nalala na mguu mmoja nje ya shuka ili asipate taabu ya kuutafuta gizani.

Basi ilikuwa hivyo, na nilikuwa naanza mwaka wa mwisho, pale nilipofungua akaunti yangu ya chuo kujisajili nikaona deni.

Nilidhani nimefungua akaunti ya mtu mwingine. Nikatoka, nikaingia tena. Jina langu, picha yangu, namba yangu, na chini yake ada kwa dola, zaidi ya mara tatu ya ile niliyokuwa nalipa. Sisi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tulikuwa tunalipa sawa na wenyeji, na barua yangu ya kukubaliwa ilisema wazi kwamba nitamaliza kwa ada niliyoanza nayo. Jua la Dodoma la kabla ya mvua lilikuwa linachoma kichwa. Mimi niliyekaa chini ya bati la kibanda cha vocha nilisikia baridi. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki ile. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani, asiyefanya mtihani si mwanafunzi, na kwa mtu kama mimi, asiye mwanafunzi kibali chake cha kukaa nchini kimekwisha. Mtaa ulionisindikiza stendi ungenipokea stendi, mikono mitupu.

Nikaenda dirisha la uhasibu. Alikuwepo kijana mmoja nadhifu, shati jeupe, tai nyembamba. Alipiga piga kompyuta yake, akasema, "Mfumo umekusoma mgeni wa mataifa mengine, dada yangu."

"Mimi si wa mataifa mengine. Mimi ni wa Burundi. Mwaka jana mfumo ulinisoma vizuri."

"Mwaka jana ulikuwa na pasi nyingine. Hii pasi mpya mfumo hauijui."

Hapo ndipo mkasa wote ulipokuwa. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa imeisha muda wakati wa likizo, nikachukua mpya nyumbani, nikaileta chuoni kwa uaminifu kabisa kama walivyoagiza. Namba ilipobadilika, mfumo ukaona mtu wa zamani ameondoka na mtu mpya amekuja, hajulikani atokako, basi akatupwa kwenye fungu la wenye dola. Nikamweleza yule kijana kwamba mtu ni yule yule, pua ni ile ile. Akakubali kwamba pua ni ile ile. Akasema yeye hana mamlaka ya kuubadilisha mfumo.

Sijui watu wengine wanaugombeza vipi mfumo. Mtu ukimkasirikia, hata akikujibu vibaya, unajua umemfikia. Mimi niligonga kioo cha dirisha lile kwa kiganja na kupaza sauti, nikasema maneno ambayo Buyenzi ni ya kawaida na Dodoma ni matusi. Watu wa foleni wakageuka. Kijana alishusha pazia la dirisha polepole, nami nikabaki najitazama kwenye kioo, nikitokwa jasho.

Siku mbili zilizofuata nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Msajili alinituma kwa mhasibu, mhasibu akanituma kwa msajili. Nilionyesha pasi ya zamani iliyotobolewa matundu, nikaonyesha mpya, nikaonyesha barua. Kila mtu aliniambia, "Tunakuelewa." Sijapata kueleweka na watu wengi hivyo maishani mwangu, na sijapata kuwa peke yangu hivyo. Nyumbani nilipiga simu, na mama yangu mzazi, kabla sijamaliza kueleza, akaniambia atauza cherehani. Nikamwomba asiuze. Nikasikia cherehani yenyewe ikiendelea kuunguruma nyuma yake, akashona mshono mpaka mwisho ndipo akasema, "Mpe simu mama yako." Alimaanisha yule wa Nkuhungu. Ijumaa zote walizungumza hivyo wawili, wakiniongelea kama shamba wanalolima kwa zamu.

Nikampa simu, nikatoka uani kulia nyuma ya tangi la maji. Nililia kwa sauti. Sikuona aibu.

Jumatano mchana nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja wa makamo mwenye ofisi iliyojaa maboksi ya madai ya watu. Ndiye wa kwanza aliyeniambia niketi. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba kuna kamati ya ada, itakaa Alhamisi, na shauri langu analiingiza. "Lakini binti, ulimfokea mhasibu, na yule kijana atakuwa mle ndani akiandika. Shauri la namna hii mtoto haendi peke yake. Njoo na mkubwa wako akusemee. Mtu mzima akiinama kwa niaba yako, mambo yanalainika."

"Mkubwa wangu yuko Bujumbura."

"Hapa unakaa kwa nani?"

Nikamwambia.

"Basi si ndiye huyo? Mlete. Aseme anakufahamu wewe ni binti wa wapi na tabia yako ikoje. Kamati inataka tu kujiridhisha kwamba wewe wa pasi ya zamani na wewe wa pasi mpya ni mtu mmoja, Mrundi. Basi."

Nilirudi Nkuhungu nikiruka mitaro. Nilimweleza mama hayo yote akiwa anapepeta ufuta, na sijui kama alisikia lolote baada ya kusikia kwamba anahitajika yeye. Aliacha ungo pale pale. Akatoa baibui lake la Idi, akalipiga pasi ya mkaa mara mbili, akapaka viatu mafuta ya kupikia kwa kuwa dawa ya viatu hakuwa nayo. Usiku nilimsikia chumbani kwake akijisemesha, "Waheshimiwa wakubwa zangu, nimekuja mbele yenu," akikohoa, akianza tena.

Alhamisi asubuhi, ndani ya bajaji, nilimrudia. "Mama, wewe useme tu unanifahamu. Mimi ni Mrundi, nakaa kwako, ndio mimi yule yule wa siku zote."

"Niachie mimi," alisema. "Ofisi nazijua. Hospitali nani alikuingiza?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilijua anavyosema hospitali, nilijua anavyosema ofisi ya mtaa, na kwa mwenye mgahawa aliyetaka kunidhulumu chenji. Kila mahali neno lile lilifungua mlango. Sikufikiria kabisa kwamba kuna mlango ambao lingeufunga.

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani: mwenyekiti, ambaye alikuwa mzee wa miwani na sauti ya chini; mlezi wa wanafunzi; na yule kijana wa tai na kompyuta yake. Mama aliwaamkia mmoja mmoja, hata yule kijana ambaye ilimpasa yeye amwamkie mama, naye kwa kuchanganyikiwa akaitikia "marahaba" kisha akaona haya. Mwenyekiti alitabasamu. Tulikaa. Akapitia pasi zote mbili taratibu, akaziweka sambamba, akatikisa kichwa kama mtu anayeridhika. Nakumbuka nilivyofikiri: imekwisha, tumeshinda.

"Haya, mama," alisema. "Karibu sana. Wewe ni nani wa binti huyu?"

"Mama yake mzazi."

Mwenyekiti aliinua macho. "Mzazi, mama? Au mlezi?"

"Mzazi," alisema mama, akasogea mbele ya kiti. Aliona mwenyekiti ana shaka, na dawa ya shaka kwake ilikuwa kuongeza. "Nimemzaa mimi, kwa uchungu wangu, kule kwetu Kondoa. Mvua ilikuwa inanyesha, hata mkunga alichelewa. Huyu ni damu yangu, waheshimiwa. Kosa lake ni langu. Kama ni hasira zile alizozifanya dirishani, kanirithi mimi. Nisameheni mimi."

Alisema vizuri mno. Laiti pangekuwa mahali pengine, watu wangefuta machozi. Alinibana goti chini ya meza kunionyesha kwamba mambo yanakwenda.

Kijana aliacha kuandika. Mwenyekiti akaichukua pasi mpya, akaisoma tena kana kwamba herufi zimebadilika. "Pasi inasema amezaliwa Bujumbura."

"Ni karatasi tu hizo," alisema mama kwa upole.

Mlezi wa wanafunzi alinitazama kwa macho ya mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni. Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, nisikilize vizuri. Binti huyu anaomba ada ya nchi za Jumuiya kwa kuwa ni Mrundi. Wewe, shahidi wake, unatuambia amezaliwa Kondoa na Mtanzania. Basi ama pasi hizi zimepatikana kwa uongo, ama wewe unaidanganya kamati. Yote mawili si mambo ya ada tena. Hayo ni ya uhamiaji, na mengine ni ya polisi." Akaweka mkono juu ya simu ya mezani. Hakuiinua. Aliuweka tu pale.

Nilisema haraka, "Mheshimiwa, ni mlezi wangu. Alikuwa anataka kusema mlezi."

"Mlezi ana hati ya mahakama. Mnayo?"

Hatukuwa nayo. Nani ana hati ya mahakama ya kula sinia moja?

"Basi nitauliza mara moja, na kijana aandike," alisema mwenyekiti. "Binti. Huyu ni mama yako?"

Mama alinigeukia. Bado alikuwa na lile tabasamu dogo la hospitali. Nadhani alikuwa hajaelewa vizuri hatari ilivyosimama. Alichojua ni kwamba nimeulizwa swali jepesi. Mimi niliona mambo yote kwa pamoja: cherehani ya Buyenzi, kituo cha basi, na yeye, yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye benchi la polisi na baibui lake la Idi kwa ajili yangu. Nilimchukia mwenyekiti, nikalichukia swali lake, nikaichukia nchi inayomfundisha mtu kusema mwanangu kwa kila mtoto halafu inamdai ushahidi.

"Hapana," nilisema. "Si mama yangu."

"Ni nani wako?"

"Ni mwenye nyumba. Nimepanga kwake."

"Unalipa kodi?"

"Ndiyo. Nalipa."

Mkono wa mama ulitoka kwenye goti langu. Haukuondoka kwa haraka. Uliondoka kama mtu anavyoinua mkono kutoka kwenye kitu alichogundua si chake.

"Mama, ni kweli?" aliuliza mwenyekiti.

Kule nje mtu alikuwa anafagia changarawe. Kisha mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ndogo ya mtu wa kijijini mbele ya meza ya serikali, "Ni kweli, mheshimiwa. Ni mpangaji wangu. Nilisema vile kumsaidia tu. Sikujua."

"Hukumzaa wewe."

"Sikumzaa."

"Una watoto wako, mama?" Hakuuliza kwa ubaya. Nadhani alitaka kulainisha, pengine amwambie akawalee vizuri hao wake. Hata hivyo aliuliza, na kijana alikuwa anaandika.

"Sina," alisema mama.

Mlezi wa wanafunzi akaingilia kati, akasema maskini mama huyu kazoea, huku kwetu ndivyo tulivyo, kila mtoto ni wetu, na kwamba shahidi amekiri mwenyewe na jambo liishe. Mwenyekiti alivaa miwani. Akamwomba mama asubiri nje. Mama aliinuka, akawashukuru wote, akarudisha kiti mahali pake vizuri mpaka kikagusa meza, akatoka. Sikugeuka kumtazama. Niliogopa kwamba nikigeuka, watasoma kitu usoni mwangu na kuanza upya.

Baada ya hapo ikawa rahisi kiasi cha kuudhi. Waliniuliza habari za Buyenzi, jina la shule yangu, kazi ya baba. Kijana alipiga piga kompyuta, akangoja, akapiga tena, akasema, "Sasa mfumo umekusoma." Ada ilikuwa imerudi ilipokuwa. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Nilimwomba radhi kwa yale ya dirishani, naye akasema hana kinyongo, akanitakia mtihani mwema. Nilitoka mle nikiwa mwanafunzi.

Mama alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ubao wa matangazo, mkoba wake ameukumbatia.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Alhamdulillahi," alisema, na alifurahi kweli. Hilo naliapia. Alifurahi mpaka meno yakaonekana.

Ndani ya bajaji nilianza kusema, "Mama, kule ndani mimi..." akanikatisha akamwuliza dereva kama anajua choroko zimepandaje. Dereva hakujua. Akamweleza, kwa kirefu, kuhusu mvua zilivyochelewa Kondoa na jinsi wachuuzi wanavyoficha mizigo ili bei ipande, mpaka tukafika Majengo. Nilimsindikiza hadi kwenye meza yake. Jirani yake wa karanga alipaza sauti kutoka mbali, "Mama mwanafunzi! Kesi imekwendaje?"

"Ameshinda," alijibu mama, akafunua magunia yake. "Wewe nenda nyumbani ukapumzike, umechoka."

Jioni alipika kama kawaida, ugali wa uwele na mlenda wa karanga ninaoupenda. Alileta sinia ile ile, tukala pamoja, akanisogezea mlenda upande wangu kama siku zote. Nikajiambia kwamba limepita, kwamba mtu mzima anaelewa, kwamba mimi ndiye ninayejitesa bure. Mama yangu wa Buyenzi alipiga simu. Nilimpa habari, akapiga kigelegele kule hadi simu ikakwaruza, akasema, "Haraka, mpe mama yako nimshukuru." Nikaipeleka jikoni. Mama alikuwa anaosha sinia. Akaniambia mikono yake ina maji, nimsalimie tu, atampigia mwenyewe siku nyingine. Nikangoja kidogo nione kama atafuta mikono. Aliendelea kuosha sinia ambayo ilikuwa imekwisha kutakata, nami nikarudi chumbani nikamdanganya mama yangu kwamba amekwisha lala.

Usiku ule nilipata usingizi mzito, usingizi wa mtu aliyekuwa hajalala wiki nzima. Hata hivyo niliamka kabla ya adhana, pengine kwa mazoea. Kulikuwa na baridi ile ya alfajiri ya Dodoma ambayo hata wakati wa joto huingia kwa chini ya pazia. Mguu wangu ulikuwa nje ya shuka. Nikausogeza hadi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo mkono wake huufikia kwa urahisi, nikafumba macho nikijifanya sijaamka. Nilikuwa nimekwisha panga. Akinivuta tu, nitamshika mkono, nitamwambia yote, hata asiponielewa.

Nikasikia ndala zake zikitoka chumbani kwake, zikija ukumbini. Zilifika kwenye pazia, zikasimama. Nikaona mwanga wa tochi yake kwenye kanga kuukuu, umetulia, hausogei.

"Hodi," alisema.

Nilidhani atangoja kidogo kisha aingie. Hakuingia. Alisema tena, kwa adabu, kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu, "Hodi humu ndani. Kumekucha."

Nikauvuta mguu wangu ndani ya shuka, nikasema karibu.